Usikate Kabla ya Kubana: Bomba Katika Bwawa Langu la Samaki

Jioni nilining'iniza utepe wangu wa kupimia nguo kwenye ukingo wa bwawa, nikaufunga kijiwe chini ili usielee. Maji yaligusa namba 12. Alfajiri yalikuwa yamegusa 15.

Sentimita 3 kwa usiku mmoja. Bwawa langu lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, kwa hiyo sentimita 3 ni lita 360, yaani bidoni 18 za njano, zile za lita 20 ambazo kila nyumba ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, inazo. Jua la mchana linaweza kunywa milimita chache, lakini usiku hakuna jua. Bidoni 18 ziliondoka nikiwa nimelala, na nilipolizunguka bwawa lote kwa miguu mitupu, sikukanyaga hata sehemu moja yenye unyevu.

Huo ndio ugumu wa kufuga samaki katika mji wetu. Mwenye bwawa kwenye udongo wa mfinyanzi akivujiwa, tope linamwambia. Nyasi zinakuwa kijani upande mmoja, anafuata unyevu mpaka anafika penye tundu. Sisi wa mtaa wa Keshero tunakaa juu ya makoro, mawe meusi ya volkano yenye matundu kama mkate. Maji yakiingia humo hayarudi kuaga. Mvua kubwa inanyesha, na baada ya saa moja ua umekauka. Kwa hiyo uvujaji wa Goma hauna alama. Unajua tu kwamba jana ulikuwa na maji na leo yamepungua.

Bwawa hili alilianza baba watoto mwaka 2019. Kuchimba kwenye makoro si kazi ya jembe. Ni mtarimbo, nyundo na vijana wawili wenye subira. Walifika sentimita 50 chini wakachoka, naye akaamua sehemu iliyobaki ijengwe juu ya ardhi, ukuta wa makoro na saruji wenye unene wa sentimita 30. Ndani alipaka saruji laini, na kwa karibu miaka miwili lilishika maji vizuri. Kisha Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Lava haikufika kwetu, lakini siku zilizofuata ardhi haikutulia hata kidogo. Barabara zilipasuka, nyumba zikachanika kuta, na tarehe 27 wakazi wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuondoka. Ndugu zetu wa mtaa wa Majengo walikuja na magodoro, tukalala watu wengi katika vyumba viwili. Nilipopata muda wa kulitazama bwawa, lilikuwa tupu. Ufa mmoja mwembamba, ambao hata ukucha haukuingia vizuri, ulikuwa umepita katikati ya sakafu na kupanda ukutani.

Saruji haiwezi kujinyoosha. Ndipo tukanunua bashi, turubai nene nyeusi la plastiki, tukalitandika juu ya blanketi kuukuu, likafunika ufa na kila kitu. Tangu siku hiyo bwawa letu ni bashi lile. Ukuta unalishikilia tu. Nilichelewa kuelewa jambo hili, na kuchelewa kwangu kuliniletea hasara.

Kwa nini nilitaka bomba? Kwa sababu ya maji ya chini. Tilapia hutoa sehemu kubwa ya uchafu wao kama amonia, kupitia matamvua, na mabaki ya chakula na majani yanazama, yanaoza, yanakula hewa iliyomo majini. Ukitaka kujua hali ya bwawa, liamkie mapema. Usiku mwani hautengenezi hewa, unaitumia, na alfajiri ndipo hewa inakuwa chache kuliko saa zote. Samaki wakiwa juu wamefungua midomo wakati huo, maji yamechoka. Inabidi utoe ya chini, yaliyo mazito, uweke mapya. Na hayo ya chini si ya kumwaga ovyo: lengalenga (mchicha) na migomba yangu inayapenda kuliko mbolea yoyote niliyowahi kununua.

Mwanzoni tulikuwa tunanyonya kwa mpira. Unauzamisha, unavuta kwa mdomo, unashusha ncha bustanini, maji yanakuja yenyewe. Njia hii haihitaji tundu, na kwa bwawa dogo bado naipendekeza. Lakini mpira unaonyonya haujui kusimama mpaka uvute hewa. Siku moja mteja alikuja na kitambaa cha harusi, nikakaa naye kwenye vipimo, nikasahau. Niliporudi, mapezi ya migongoni yalikuwa nje ya maji. Siku hiyo nilisema lazima tuwe na bomba lenye robine, la kufungua na kufunga.

Fundi wa kwanza alikuwa mjenzi mzuri wa nyumba, na ukuta wake sina la kuusema. Alitoboa ukuta, akaingia ndani, akalikata bashi kwa kisu, msalaba kama X. Akasukuma bomba la milimita 50 katikati ya X ile, akafunga zile pembe nne kuzunguka bomba kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kisha akajaza silikoni kila mahali. Upande wa nje alirudishia makoro na kufunika. Ilipendeza kutazama. Baada ya wiki tatu ndipo nilipoutundika ule utepe wangu.

Kwanza nilihakikisha kwamba ni uvujaji kweli. Nilisimamisha ndoo yenye maji ndani ya bwawa juu ya matofali, nikaweka alama ya maji ya ndoo na ya bwawa. Jua likikausha, yote mawili yanashuka sawasawa. Ndoo ilibaki palepale, bwawa likashuka. Kisha nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikalijaza maziwa ya unga yaliyokorogwa mazito, nikaingia majini polepole, nikasimama mpaka maji yakatulia. Nikayaachia maziwa kidogo karibu na bomba. Upande wa juu yalikaa kama wingu. Kushoto, wingu. Chini ya bomba, mahali pembe moja ya ile X ilipoishia, yalijikusanya yakawa uzi mmoja mweupe, mwembamba, ukaingia nyuma ya bashi bila kukatika. Tilapia wawili walikuja kuunusa. Nilisimama pale nikiutazama uzi ule mpaka miguu ikafa ganzi.

Mimi ni mshonaji. Nimekata vitambaa kwa miaka ishirini na zaidi, na nilipouona uzi ule nilijua mara moja kosa liko wapi, kwa sababu ni kosa nililomkataza kila msichana niliyemfundisha kazi. Ukikata kitambaa kwa mstari ulionyooka na kuuachia mwisho wake bila kuushona, mchaniko unaanzia pale kwenye ncha. Tundu la kifungo linachanika kwenye pembe, halichaniki ubavuni. Tundu la mviringo halina pembe, mvuto unagawanyika pande zote, na ndiyo maana matundu ya kamba kwenye mahema ni duara yenye pete ya chuma. X ina ncha nne. Fundi alikuwa amenipa michaniko minne, kisha akaiomba silikoni iizuie.

Nayo silikoni haikulishika bashi. Inashika vizuri kwenye kioo, lakini kwenye plastiki laini inayojikunja inabanduka kama ganda la jeraha. Niliivuta kwa vidole ikatoka nzima. Tena ile ya bafuni mara nyingi huwekewa dawa ya kuzuia ukungu, ambayo si ya kuwekwa karibu na samaki.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuuliza Birere, kwenye maduka ya vifaa vya maji. Ni mzee anayefunga matangi. Alipofika alivua viatu, akainama, akalipapasa bashi muda mrefu.

“Mama,” akaniambia, “matangi nimeyatoboa mengi. Bashi sijawahi. Tangi linasimama lenyewe, hili linalegea.”

“Mzee, mimi nimezoea vinavyolegea,” nikamjibu. “Wewe lete ujuzi wa mpira na nati, mimi nitalisimamia bashi.”

Tukakubaliana hivyo, na nasema kwa dhati kwamba bila yeye nisingefika popote.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua bashi ni la plastiki gani, kwa sababu muuzaji hakutuambia. Nilikata kipande kidogo kwenye ukingo wa juu, nikakizamisha kwenye kikombe cha maji na kukiachia. Kilizama. Likiwa ni polietilini litaelea, na hilo gundi hailishiki, linataka kuunganishwa kwa moto na mtu mwenye mashine yake. Likizama, kuna uwezekano mkubwa ni PVC, na PVC ina gundi yake madukani. Letu lilizama, na gundi ilipojaribiwa kwenye vipande viwili vya pembeni ilishika.

Samaki 40 tuliwahamishia kwenye tangi la lita 1,000 la jirani. Walikaa humo siku kumi. Niliwapa chakula kidogo sana, na kila asubuhi nilibadilisha theluthi ya maji. Hakufa hata mmoja.

Tundu la zamani hatukulitumia tena. Tulitoa bomba, tukaliziba shimo la ukuta kwa saruji mpaka likawa sawa na uso wa ukuta. Hili msiliruke. Ukibandika kiraka juu ya bashi na nyuma yake kuna shimo, maji yatakisukuma kiraka kiingie shimoni usiku na mchana mpaka kichoke. Kiraka chenyewe nilikikata mviringo, kimeipita ile X kwa sentimita 15 kila upande. Tulisafisha, tukakausha, tukapaka gundi, tukakandamiza kwa matofali juu ya ubao na kukiacha mpaka kesho yake.

Kisha tukachagua mahali papya. Mzee alitaka palepale karibu na bustani. Mimi nilitaka upande wa chini, unaoelekea ziwani, ambako kiwanja kinashuka. Sababu yangu ilikuwa moja: nione mgongo wa tundu. Fundi wa kwanza alikuwa ameufukia mgongo huo kwenye makoro, na kwenye makoro macho hayana kazi. Upande wa chini tuliweza kuchimba kijishimo nje ya ukuta, upana wa kuingiza magoti yangu mawili, tukakijengea kuta ndogo na kukiwekea kifuniko cha bati. Kila kiungio kikae humo, kikavu, chenye kuonekana. Mzee alifikiri, akasema, “Hata tangi ninalifunga hivyo. Sijui kwa nini bwawa tunalizika.”

Ukuta alitoboa kwa tindo kutoka nje, bashi tukiwa tumeliviringisha ndani na kulifunga kwa kamba. Tundu alilifanya kubwa kuliko bomba ili saruji ipate nafasi. Bomba la plastiki ni laini na saruji hailipendi, kwa hiyo alilikwangua kwa msasa, akalipaka gundi ya mabomba, akalibiringisha kwenye mchanga mkavu. Likatoka na ngozi ya mchanga, na ngozi hiyo ndiyo iliyoshikana na saruji. Kwenye ncha ya ndani kulikuwa na flanji, sahani ya duara yenye matundu sita ya bolti, na hiyo aliipima kwa pima maji mpaka ikalala sambamba na uso wa ukuta, haikuchomoza wala haikuzama. Tulifunika saruji kwa magunia mabichi siku saba. Wapo watakaoona siku saba ni nyingi. Ukuta mrefu wa bwawa lenye maji ya kina cha mita 1 unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2. Sikuona sababu ya kuharakisha.

Siku ya bashi tulingoja saa sita mchana, jua likiwa limelilainisha. Nililitandaza ukutani kwa viganja, kutoka katikati kwenda nje, kama ninavyolaza kitambaa juu ya meza kabla ya kuweka karatasi ya mkato. Mkunjo mmoja ukibaki chini ya flanji unakuwa mfereji. Tena nililiacha lilegee kidogo pale chini, makusudi, kwa sababu maji yakiingia yatalisukuma bashi lilale ukutani, na kama limevutwa sana litajaribu kujirefusha pale lilipobanwa na litachanika hapohapo.

Mzee akashika kisu. Nikamshika mkono.

“Bado, mzee. Sisi hatukati kabla ya kubana pini.”

Akacheka, akakiweka kisu chini. Tukaanza na matundu sita ya bolti tu. Niliyapapasa kwa kidole nyuma ya bashi moja moja, nikayaweka alama kwa chaki, naye akayatoboa kwa msumari uliopashwa moto, duara ndogo zenye ukingo ulioyeyuka. Mpira wa gurudumu la lori tulikuwa tumeukata pete mbili: moja kati ya flanji ya ukutani na bashi, nyingine kati ya bashi na flanji ya pili, ya ndani ya bwawa. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikapita. Alikaza kwa spana kwa kuruka upande, hii kisha inayotazamana nayo, kama anavyokaza gurudumu la gari, kila moja kidogo, raundi tatu. Aliacha pale mpira ulipoanza kujitokeza pembeni. Ukizidisha, mpira unakimbia na flanji inapinda.

Hapo bashi lilikuwa bado zima katikati. Limebanwa kote, halina pa kwenda. Ndipo nilipochukua kisu mwenyewe, nikaingiza ncha katikati ya duara na kufuata ukingo wa ndani wa flanji polepole, na kile kipande cha bashi kikadondoka mkononi mwangu, mviringo kama sarafu. Hakuna ncha, hakuna pembe. Kesho yake mzee alirudi kukaza tena, kwa sababu mpira hujilaza usiku wa kwanza. Kila bolti ilikubali robo ya mzunguko.

Kuna jambo jingine ambalo ule mpira wa kunyonya ulinifundisha. Robine inaweza kusahaulika, mtoto anaweza kuifungua, inaweza kuvunjika. Kwa hiyo ndani ya bwawa, kwenye flanji, tuliweka kiwiko, kiungio cha bomba kilichopinda, kinachotazama juu, na ndani ya kiwiko tukasimamisha bomba la milimita 50 lenye urefu unaofika sentimita 75 kutoka sakafuni. Halikutiwa gundi, limesukumwa tu, ili siku nikitaka kumaliza maji yote nilichomoe. Robine ikiachwa wazi usiku kucha, maji yatashuka mpaka mdomo wa bomba lile, kisha yasimame, na samaki watabaki na kina chao. Lakini bomba linalosimama huchukua maji ya juu, nami nilitaka ya chini. Dawa yake ni kulivika bomba nene zaidi, la milimita 110, lenye meno yaliyokatwa kwenye mguu na kichwa kinachopita juu ya maji. Maji ya chini huingia kwenye meno, hupanda kati ya mabomba mawili, humwagika ndani ya lile jembamba. Mara ya kwanza yalitoka ya rangi ya chai nzito, yenye harufu, nikafurahi sana, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwafungua samaki wangu midomo alfajiri.

Na kwa kuwa tuko Goma, hatukuliacha bomba gumu lishikane moja kwa moja kutoka ukutani hadi bustanini. Ardhi ikitikisika, bomba refu gumu linakuwa mtarimbo unaoing'oa flanji. Kati ya robine na bomba la bustani tuliweka kipande cha mpira laini, sentimita 40, kimefungwa kwa vibanio viwili. Ardhi ikitaka kucheza, ichezee hapo.

Sasa kila Jumamosi naachia sentimita 10, bidoni 60 za maji ya mbolea, na mwanangu wa pili anayaongoza kwa jembe kutoka mgomba hadi mgomba. Kijishimo cha nyuma nakimwagia majivu makavu ya jikoni, tabaka jembamba, kwa sababu tone moja likianguka juu ya majivu linaacha jicho jeusi ambalo hata usiku kwa tochi linaonekana.

Wiki chache baada ya kumaliza, usiku wa saa nane, vikombe viligongana kabatini na kitanda kikasogea. Lilikuwa tetemeko la muda mfupi. Baba watoto alikwenda kuwatazama watoto, nami nikachukua tochi nikatoka nje. Niliinua bati, nikapiga magoti. Ule mpira laini ulikuwa bado unatikisika kidogo. Nilimulika flanji, nikamulika kiungio kimoja kimoja, kisha nikashusha mwanga kwenye majivu. Yalikuwa makavu yote, meupe, laini kama nilivyoyaacha jioni.